Madigadi za Baiskeli ya Changarawe: Kuchagua na Kufunga kwa Njia za Kisumu, Kakamega na Nakuru

Kabla hujatoa hata shilingi moja kununua madigadi, vile vikinga matope vya juu ya magurudumu, geuza baiskeli magurudumu juu, kisha uingize kidole cha shahada kati ya tairi la nyuma na lile daraja dogo la fremu lililo juu yake. Kikiingia chote na kucheza, una uhuru wa kuchagua. Kikiingia kwa kubanwa, uchaguzi wako umepungua. Kisipoingia kabisa, sahau madigadi ndefu na uruke moja kwa moja hadi sehemu ya zile fupi. Rudia hivyo hivyo mbele, chini ya shingo ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele.

Ninaandika kwa mtu mwenye baiskeli ya changarawe: ile ya hendeli iliyopinda kama ya mashindano, breki za diski, na matairi ya milimita 35 hadi 50. Karibu zote huuzwa zikiwa uchi, bila madigadi. Mwenye nayo huendesha kiangazi chote bila wasiwasi, kisha mvua za Machi zinafika, na ndani ya wiki mbili cheni inalia, viatu haviishi kuanikwa, na mgongoni ana mstari wa matope kuanzia kiunoni hadi shingoni. Mimi nakaa upande wa Kibos, kando ya mji wa Kisumu, na mara mbili kwa wiki huendesha hadi Ahero kikazi. Niliyoandika hapa nimeyapata kwenye njia hizo na kwa kufunga na kufungua madigadi mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Anza na udongo, si na duka

Watu huniuliza, "Madigadi gani ni nzuri?" Nami huwauliza kwanza: unapita wapi?

Ukiwa Nakuru, kuanzia Lanet hadi Bahati na chini ya Menengai, sehemu kubwa ya udongo imetokana na majivu ya volkano. Hunywa maji upesi na haugandi sana. Ubaya wake ni mchanga laini, mkali kama msasa, unaorushwa kwenye cheni na kwenye pedi za breki. Huko nafasi ya milimita 10 kati ya tairi na madigadi inatosha.

Ukipanda kutoka Kisumu, ukapita Kiboswa kuelekea Maragoli na Kakamega, unaingia kwenye udongo mwekundu. Kakamega hunyeshewa karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo huko madigadi si kitu cha msimu. Mvua ikiwa inanyesha, udongo huo hutiririka tu na kupaka kila kitu rangi. Kazi huanza saa mbili tatu baada ya mvua kukatika, unapoanza kukauka na kushikana kama ugali uliokolea. Acha milimita 15.

Halafu kuna Uwanda wa Kano: Ahero, Miwani, Nyando yote ya chini. Udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukinyeshewa hufura, hunata kwenye tairi, na kila mzunguko wa gurudumu huongeza tabaka jingine. Ukipita penye nyasi au majani makavu ya miwa yaliyodondoka kutoka kwa matrela, unapata mchanganyiko ule ule wa kukandika nyumba: udongo, maji na nyasi. Unajua mwenyewe ukuta wa namna hiyo hudumu miaka mingapi.

Madigadi zangu za kwanza zilikuwa za plastiki nyeusi, zimekaa karibu sana na tairi, na zilipendeza. Nafasi ilikuwa unene wa penseli. Aprili moja nikakata kona baada ya Ahero na kushika njia ya kando ya mfereji wa mashamba ya mpunga. Sikumaliza mita mia mbili. Gurudumu la mbele halikupunguza mwendo, lilisimama. Nikachokonoa kwa kijiti, kwa funguo, kwa vidole, nikasukuma hatua kumi, likasimama tena. Nikiwa nimeinama hapo, akaja mzee mmoja akisukuma baiskeli ya Black Mamba yenye gunia kwenye karia, katika tope lile lile, magurudumu yake yakizunguka. Tukasalimiana. Akalitazama gurudumu langu, kisha akaingiza vidole viwili kati ya tairi lake na madigadi yake ya bati, akavizungusha humo bila kugusa popote. Akasema, "Kijana, matope yakishaingia lazima yapate pa kutokea."

Basi kwa udongo mweusi nataka milimita 20 za uwazi au zaidi juu ya tairi. Kama fremu yako haitoi nafasi hiyo, usifunge madigadi ndefu kwa njia hizo. Madigadi iliyobana kwenye mfinyanzi ni mbaya kuliko kukosa madigadi. Na kama safari yako inapita udongo wa aina mbili, pima kwa ule mbaya zaidi, hata kama ni kilomita mbili tu kati ya ishirini.

Pima tairi lenyewe, usiamini maandishi peke yake

Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa. Baiskeli nyingi za changarawe ni 622, ndizo zinazoitwa 700C. Baadhi ni 584, ndizo 650B. Baiskeli za milimani za inchi 26 ni 559. Namba hii ya pili ndiyo inayoamua mpindo wa madigadi. Ukinunua ya 559 ukaifunga kwenye 622, itagusa tairi kwenye ncha na kuachana nalo katikati, na hakuna fundi atakayeinyoosha ikae vizuri.

Namba ya kwanza ni ya kuthibitisha. Tairi lililoandikwa 40 likikaa kwenye rimu pana linaweza kufika 42. Lijaze upepo unaotumia siku zote, kisha pima kwa rula ya chuma sehemu pana kabisa, ukihesabu na vile vijino vya pembeni. Ukishapata upana huo, ongeza milimita 10 hadi 15, na huo ndio upana wa madigadi unayoitafuta. Tairi la 42 linataka madigadi ya 52 hadi 57. Nyembamba kuliko hapo, matope yatapita pembeni na kukupata magotini.

Sasa pima uwazi ulio juu ya tairi: nyuma chini ya daraja, mbele chini ya shingo ya foku, na ule wa tatu ambao wengi huusahau, nyuma ya ekseli ya pedeli, pale gurudumu la nyuma linapokaribiana na fremu. Hapo ndipo matope hujaa kwanza. Kutoka kwa kila kipimo toa milimita 5 za unene wa madigadi pamoja na kichwa cha skrubu yake. Kinachobaki ndicho uwazi wako wa kweli.

Ukikuta pungufu, usikate tamaa bado. Punguza tairi. Kutoka 45 kushuka hadi 38 unapata karibu milimita 7 juu na zaidi ya 3 kila upande. Watengenezaji wengi wa fremu wenyewe hutaja tairi kubwa kwa mwendo bila madigadi na dogo zaidi ukiwa nayo. Mimi niliacha 43 nikashuka hadi 38 kwa miezi ya mvua, na kwenye murram sikuona tofauti ya kunisumbua. Kiangazi narudisha 43.

Bado kipimo kimoja. Kaa kwenye baiskeli, weka pedeli sambamba na ardhi, kiatu mahali pake, kisha ukate kona kwa mkono. Kama ncha ya kiatu tayari inakaribia tairi la mbele, madigadi itaikaribia zaidi, kwa milimita 15 au zaidi. Kwa mwendo wa kasi hukati kona kiasi hicho, lakini ukigeuza polepole sokoni au kwenye lango la nyumbani, kiatu kitagonga. Jua mapema.

Pa kufungia

Tafuta vitundu vyenye nyuzi karibu na ekseli ya mbele na ya nyuma. Huwa vya skrubu ya milimita 5, inayofungwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4. Tafuta pia kitundu chini ya daraja la nyuma na kingine kwenye shingo ya foku, kwa mbele, nyuma au chini yake. Fremu nyingine huficha vitundu hivi ndani ya foku au huvifunika kwa vizibo vidogo vya mpira, kwa hiyo pitisha kidole kabla hujasema havipo.

Kama vipo vyote, umebahatika. Kama havipo kwenye foku ya chuma au ya alumini, kuna vibanio vya mviringo vilivyovalishwa mpira ambavyo hukumbatia bomba na kukupa pa kuingiza skrubu. Kwenye kaboni usibane kibanio cha chuma, na usikubali fundi yeyote atoboe, hata akikuhakikishia ameshafanya nyingi. Kaboni hukubali mikanda ya mpira au vifungo vya plastiki juu ya tabaka la utepe, basi.

Aina, na kila moja inafaa wapi

Madigadi ndefu zenye fito, vile vyuma vyembamba vya kuzishikilia hadi karibu na ekseli, ndizo kinga kamili. Ya mbele huzuia matope yasiruke kwenye miguu, cheni na ekseli ya pedeli. Ya nyuma hukukinga mgongo na humkinga anayekufuata. Kwa mtu anayeenda kazini kila siku Nakuru, au kutoka Kisumu hadi Kakamega kwa lami na udongo mwekundu, sioni sababu ya kuchagua kitu kingine kama fremu ina nafasi.

Madigadi fupi za kufunga kwa mikanda hung'olewa kwa dakika moja. Kinga yake ni nusu, lakini huacha uwazi mkubwa, na kwa udongo mweusi ndizo ninazotumia. Ya nyuma hushikwa kwenye bomba la kiti na kukaa juu sana ya tairi. Ya mbele ni kipande kipana cha plastiki kinachofungwa chini ya lile bomba la fremu linaloshuka kutoka mbele hadi kwenye pedeli. Hakizuii maji yasikufikie miguuni yote, lakini hukinga uso, chupa ya maji na sehemu kubwa ya cheni.

Kuna na kile kikaratasi kigumu cha plastiki kinachochomekwa chini ya kiti. Hukinga suruali, basi. Watu wengi hununua hicho peke yake kwa sababu mgongo ndio unaoonekana. Lakini kinachoua baiskeli ni maji ya gurudumu la mbele, yaliyojaa mchanga, yanayopigwa kwenye cheni kilomita baada ya kilomita. Pesa zikitosha moja tu, nunua ya mbele.

Kuhusu malighafi: plastiki nyepesi hupasuka penye skrubu, kwa hiyo tafuta ile yenye utepe wa alumini katikati ya tabaka mbili za plastiki, hupinda bila kuvunjika na haipigi kelele. Alumini tupu ni ngumu, huhifadhi umbo, lakini changarawe zikiigonga kwa ndani zinasikika, na ikifungwa ikiwa imevutwa kwa nguvu hupata ufa. Bati ni nzito na hushika kutu mahali rangi ilipobanduka.

Hata hivyo usilidharau bati. Tairi la Black Mamba la inchi 28 kwa 1½ lina vipimo 40-635. Kipenyo chake cha nje ni karibu milimita 715. Tairi la 40-622 ni karibu 702. Tofauti ni milimita 6 na nusu tu kila upande. Maana yake mpindo wa madigadi ya Black Mamba, ambayo utaipata kwa muuza vipuri wa baiskeli karibu mji wowote wa Magharibi, unakaribia sana mpindo wa gurudumu lako, na huo uwazi unaozidi ndio tunaoutafuta. Nenda na rula upime upana wake. Fito zake hazikuundwa kwa breki za diski, kwa hiyo ile ya upande wa breki lazima ipindwe izunguke kando, lakini hiyo ni kazi ndogo kwa fundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, mwenye jiliwa na nyundo. Mwombe pia aongeze jozi moja ya fito nyuma ili isitikisike.

Ukiwa dukani

Usinunue kwa picha kama unaweza kuishika. Bana ukingo wa madigadi kwa vidole viwili, uupinde taratibu: plastiki ikibadilika kuwa nyeupe kwenye mpindo, itapasuka mapema. Hesabu fito. Kwa njia mbovu, ya nyuma iwe na jozi mbili. Uliza vipuri vya fito na skrubu, maana hivyo ndivyo hupotea.

Kitu kimoja usikiache: fito za mbele ziwe na klipu za usalama zinazoachia zenyewe. Kijiti kikinaswa kati ya tairi na madigadi ya mbele, huivuta na kuikunja hadi gurudumu lifunge ghafla, nawe unarushwa juu ya hendeli. Klipu ile huchomoka na gurudumu linaendelea kuzunguka. Kwenye njia zinazopita mashamba ya miwa na chini ya mikaratusi, vijiti havikosekani. Seti isiyo na klipu za namna hiyo ninaitumia kwa lami tu.

Kufunga

Jipe muda wa saa mbili, mchana, si usiku kabla ya safari. Kusanya alenki ya milimita 4, spana ya 8, koleo la kukata, tupa, rula, na tyubu kuukuu.

Toa magurudumu, safisha vitundu, na kama rangi imeziba nyuzi ingiza skrubu kwa mkono huku ukiirudisha nyuma kila nusu mzunguko. Kata vipete vya mpira (washa) kutoka kwenye ile tyubu na uvitie kila mahali chuma kinapokutana na fremu. Hivyo ndivyo huua kelele.

Funga madigadi ya nyuma kwenye daraja kwanza, bila kukaza, kisha pale nyuma ya ekseli ya pedeli. Kama fremu haina kitundu hapo, vifungo viwili vya plastiki vinatosha. Rudisha gurudumu. Sasa ndipo ufunge fito, ukizisogeza hadi madigadi ifuate mpindo wa tairi. Usiivute ikae kwa nguvu. Ukiona imejikunja, fito moja ni fupi mno.

Hapa nataka uangalie kwa makini. Baiskeli ikienda mbele, sehemu ya tairi iliyo nyuma ya ekseli hupanda juu. Kwa hiyo tope na kijiti huingia kwenye madigadi kutoka ncha ya chini ya nyuma, hupanda, na kutokea mbele. Weka ncha hiyo ya kuingilia iwe finyu kidogo kuliko sehemu ya kutokea. Kilichoweza kuingia kitaweza kutoka. Ukifanya kinyume, umetengeneza faneli.

Upande wa kulia nyuma, hakikisha skrubu ya fito haichomozi kwa ndani. Ikizidi hata milimita 3, cheni ikiwa kwenye gia ndogo kabisa itaikwaruza, au itakwama kati yake na fremu. Ikate au tafuta fupi. Upande wa breki, kama fito inagusa breki ya diski, ongeza bushi ya milimita 10 hadi 15 na skrubu ndefu inayolingana nayo.

Tia gundi ya nyuzi, ile ya rangi ya bluu, kwenye kila skrubu, au tumia nati zenye nailoni ndani. Kaza imara bila kutumia uzito wa mwili. Kata fito zilizozidi, zipige tupa, uzivalishe vifuniko. Ncha ya fito iliyokatwa huchana mguu kama wembe. Kisha inua baiskeli sentimita kumi uidondoshe kwa magurudumu. Sikiliza. Kinacholia sasa kitakuudhi hadi Kakamega.

Ulimi

Madigadi nyingi za mbele huishia juu mno, na maji yanayotoka chini ya ncha hupiga viatu moja kwa moja. Ongeza ulimi. Mimi hukata kipande cha mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, upana sawa na madigadi kwa juu, kikipanuka kwa sentimita 3 chini, urefu wa kutosha kukifikisha sentimita 10 kutoka ardhini. Matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto, skrubu mbili fupi, vichwa vikiwa upande wa tairi. Ukipenda kitu kizito kisichopeperuka, fundi wa akala atakukatia kipande chembamba cha mpira wa tairi la gari. Kwa njia ya mashimo mengi kifupishe hadi sentimita 15 juu ya ardhi, kisije kikakwaruza mawe. Hakuna nyongeza ndogo kuliko hii iliyowahi kuniletea soksi kavu.

Baada ya mvua

Usiache tope likauke ndani. Jioni hiyo hiyo mwaga maji kutoka juu, pitisha kijiti bapa ndani ya madigadi kuanzia mbele kwenda nyuma, na uzungushe gurudumu kwa mkono usikilize kama linakwaruza. Mimi hubeba kijiti hicho kwenye mfuko wa chini ya kiti, cha mwanzi, urefu wa kalamu mbili, kimechongwa bapa upande mmoja. Ukiwa njiani na ukahisi gurudumu linaanza kuwa zito, shuka mapema. Tope la dakika tano hutoka kwa kijiti, la dakika ishirini hutaka alenki. Kila mwezi jaribu skrubu zote nane au kumi, hasa ya daraja la nyuma, ambayo hulegea kwanza kwenye murram yenye makunyanzi.

Mwishoni mwa Mei, mvua za masika zikipungua, wakaaji wa uwandani wanaweza kung'oa madigadi ndefu, kupaka nyuzi za vitundu grisi na kurudishia skrubu tupu ili visizibe. Zifunge pamoja na fito zake, na klipu zake kwenye mfuko mmoja, hadi Oktoba. Walioko Kakamega na Maragoli waziache mahali pake.